Kutoka Ukumbini Hadi Sandukuni: Mwongozo wa Santuri Adimu za Northern Soul kwa Anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Hizi santuri ndogo zinapatikana wapi? Mbona moja inauzwa pauni 5 na nyingine bei ya gari? Nikienda kwenye kesha la soul nivae nini, na nikifika nisimame wapi? Hii niliyouziwa ni orijino au nimepigwa? Majibu nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe: unausikia wimbo ukumbini, unalijua jina lake, unaitafuta santuri yake, unaikagua, unailipia, unaiweka sandukuni. Ukifuata mpangilio huo pesa zako zitakaa. Wengi huanza na kununua, ndiyo maana wanaumia.

Historia kwa ufupi, kwa sababu bila hiyo bei hazieleweki. Tunazungumzia soul ya Wamarekani weusi ya miaka ya 1960, ya Detroit, Chicago, Los Angeles na Philadelphia, iliyotengenezwa na lebo ndogo (kampuni za kutoa santuri) zilizotaka kuifikia Motown, kampuni kubwa ya soul ya Detroit, zikashindwa. Vijana wa miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza waliipenda wakati kwao Marekani imeshasahaulika. Walikesha nayo kwenye kumbi: Twisted Wheel ya Manchester, iliyofunguliwa 1963 na kufungwa 1971, kisha Torch ya Tunstall huko Stoke, na Wigan Casino iliyofungua milango 23 Septemba 1973 na kuifunga 6 Desemba 1981. Jina Northern Soul lilitoka kwa Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri London, ambaye aliona wateja wa kaskazini wanataka nyimbo za haraka za zamani wakati wenzao wa kusini wamehamia kwenye funk.

Hapo kuna onyo kwa wasomaji wa kwetu. Soul iliyotikisa Dar es Salaam hadi ikapigwa marufuku kwenye kumbi Novemba 1969 ilikuwa hasa ile ya James Brown, Otis Redding na Wilson Pickett. Ukiingia kesha la Northern ukamwomba DJ akupigie James Brown, atakutazama kama umeomba taarabu harusini kwa Waskoti. Ni ukoo mmoja, lakini nyumba tofauti.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Plea ya santuri yenye mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika na mkono unaoweza kurekebishwa uzito. Zile plea za mkoba za bei chee sindano zake ni nzito na hazirekebishiki. Usiweke juu yake kitu unachokipenda.
- Adapta ya tundu kubwa. Santuri za inchi 7 za Marekani nyingi zina tundu la milimita 38 hivi, na za Uingereza kwa kawaida zina tundu dogo.
- Tochi (ya simu inatosha) na kioo cha kukuzia.
- Bahasha mpya za karatasi, na sanduku la kusimamisha santuri wima.
- Daftari na kalamu.
- Bajeti ya mwezi, iliyoandikwa. Iliyo kichwani tu huwa inakua yenyewe usiku wa manane mbele ya mnada.
- Kwa ajili ya ukumbini: viatu vya soli ya ngozi, shati au fulana ya akiba, taulo dogo, na mpango wa kurudi nyumbani alfajiri.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla hujatoa hata senti

Tafuta mikusanyo iliyotolewa kihalali. Lebo ya Kent, iliyo chini ya Ace Records ya London, imekuwa ikitoa mikusanyo ya namna hii tangu 1982, na maelezo yanayokuja nayo ni darasa tosha: nani aliimba, studio gani, mwaka gani, kwa nini haikuuzwa.

Sikiliza mpaka uweze kutofautisha angalau makundi matatu. Kuna nyimbo za mwendo mkali za katikati ya miaka ya 1960, ngoma inagonga kila pigo, ala za upepo zinapiga kelele, na mwimbaji analia kuachwa huku miguu yako inafurahi. Kuna zile za mwendo wa wastani, zenye uchungu zaidi. Kuna za miaka ya 1970, laini zaidi, zinazoelekea disko. Kundi hili la tatu ndilo lililozua ugomvi mkubwa enzi hizo: ukumbi wa Blackpool Mecca ulizikumbatia, mashabiki wengi wa Wigan wakaona ni usaliti. Hadi leo ukumbi mmoja unaweza kuwa na vyumba viwili kwa sababu hiyohiyo.

Andika nyimbo ishirini zinazokuinua kitini. Orodha hiyo ndiyo itakayokulinda muuzaji akianza kukushawishi.

Hatua ya 2: Chagua usiku wako wa kwanza

Usiku wa kawaida wa soul huanza jioni na kuisha saa saba au saa nane. Kesha huenda mpaka asubuhi. Kuna ya mchana kutwa, na kuna ya wikendi nzima kwenye miji ya pwani. Anza na ule wa kawaida, kwenye klabu ndogo ya mtaa huko Lancashire, Yorkshire au Staffordshire. Kiingilio ni kidogo, watu wanazungumza, na ukichoka nyumbani si mbali. Kesha la 100 Club pale Oxford Street, London, ambalo Ady Croasdell amelisimamia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni zuri sana, lakini waliopo ni wajuzi wa nyimbo adimu. Liache mpaka masikio yako yazoee.

Soma tangazo kwa makini. Ukiona herufi OVO (*original vinyl only*), maana yake DJ anapiga santuri orijino tu, za wakati wimbo ulipotoka: si toleo la baadaye, si feki, si faili la kompyuta. Hapo ndipo utajifunza. Ukumbi ukisema ni wa nyimbo za zamani zinazopendwa, tegemea zile ambazo kila mtu anazijua. Ukisema nyimbo adimu, tegemea kutotambua kitu usiku kucha, na usione haya.

Hatua ya 3: Fungasha begi

Viatu ndio kitu cha kwanza. Soli ya mpira inang'ang'ania mbao, goti linapinda huku mguu umebaki nyuma. Soli ya ngozi inateleza, na mtindo mzima wa dansi hii ni kuteleza pembeni, kugeuka, kurudi. Kama huna viatu vya ngozi tupu, nenda na vyenye soli ngumu laini, na ucheze kwa adabu.

Poda: utaona mtu ananyunyiza kidogo sakafuni. Usimwige bila kuuliza. Kumbi nyingi zimeipiga marufuku kwa sababu inaharibu mbao na kuwaangusha wengine.

Nguo ni hiari yako. Suruali pana na sketi za mduara zinapendwa kwa sababu zinazunguka vizuri, lakini hakuna atakayekurudisha mlangoni kwa jinzi. Vitambaa vya kushona vyenye ngumi iliyofumbwa na maneno *Keep the Faith* ni alama ya ukoo. Vaa ukipenda, ila ukivaa cha Wigan Casino na ulizaliwa 1995, jiandae kuulizwa.

Hatua ya 4: Ingia sakafuni bila kuudhi mtu

Hapa wageni ndipo wanapokosea, na makosa yenyewe ni ya adabu, si ya miguu.

Usivuke uwanja wa kucheza ukiwa na kinywaji. Tone moja la bia kwenye mbao iliyong'arishwa linaweza kumvunja mtu kiuno. Zunguka pembeni hata kama ni mbali. Kule Wigan hawakuuza pombe kabisa kwenye makesha, watu walikunywa soda na maji, na desturi ya kuiheshimu sakafu ilibaki hata baada ya baa kufunguliwa.

Kila mtu anacheza peke yake, hata waliokuja wawili. Chukua eneo la hatua mbili kulia na mbili kushoto, kaa humo. Usianze na kujirusha chali wala kuzunguka kama pia. Waliozoea hufanya hivyo penye nafasi, kwenye sehemu ya wimbo inayoita. Anza na hatua ya pembeni: mguu wa kulia, wa kushoto unaufuata, kisha rudi. Uzito uweke kwenye nyayo za mbele, mabega yatulie, mikono ifuate yenyewe. Ukipotea, mtazame mzee mwenye nywele nyeupe aliye pembeni. Huyo hatumii nguvu hata kidogo lakini hakosi pigo.

Kuna makofi. Nyimbo fulani zina sehemu ambayo ukumbi mzima unapiga kofi moja kwa pamoja. Usiyabahatishe. Sikiliza mara ya kwanza, mara ya pili utaijua. Wimbo ukiisha watu hupiga makofi tena, safari hii kumshukuru DJ na mwimbaji ambaye pengine hakuwahi kujua kuwa anapendwa hapa.

Tahadhari: kunywa maji. Zamani baadhi ya makesha yalizungukwa na vidonge vya kukesha, na polisi walizisumbua kumbi kwa sababu hiyo. Leo wengi wa waliopo wana wajukuu, kinachowakesha ni chai. Usiku mrefu unahitaji maji, chumvi kidogo na kitu cha kula.

Hatua ya 5: Pata jina la wimbo

Wimbo umekushika. Andika daftarini maneno ya kiitikio, mwimbaji ni mwanamume au mwanamke, saa ngapi umepigwa, DJ ni nani. Programu ya simu ya kutambua nyimbo unaweza kuijaribu pembeni, lakini kelele huishinda mara nyingi, na kuinyoosha simu juu ya meza ya DJ ni utovu wa adabu.

Njia bora ni kumngoja DJ amalize zamu yake. Mwambie, "Ule wimbo wa mwanamke anayelia mlangoni, ulioupiga karibu na saa sita, umeniua." Wengi watafungua sanduku na kukuonyesha lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri. Mkono usiguse santuri kabla hujapewa. Ukipewa, ishike kingoni na katikati, vidole mbali na mifereji.

Ukikuta lebo imefunikwa karatasi nyeupe, usishangae wala usiibandue. Hii ni desturi ya tangu zamani: DJ aliyepata kitu ambacho wengine hawana hukificha na kukipa jina la uongo ili washindani wasikitafute. Wimbo maarufu kuliko yote kwenye historia hii, *Do I Love You (Indeed I Do)* wa Frank Wilson, ulipigwa kwanza ukiwa umepachikwa jina la Eddie Foster. Nakala yake ya 1965, kwenye lebo ya Soul iliyokuwa tawi la Motown, iliuzwa pauni 25,742 mwaka 2009 na pauni 100,000 mwaka 2020. Ukiuliza wimbo uliofunikwa utapewa jina la uongo au tabasamu. Pokea yote mawili kwa heshima.

Hatua ya 6: Orodhesha matoleo yote ya wimbo huo

Hatua hii ndiyo inayookoa pesa. Wimbo mmoja unaweza kuwa na matoleo matano, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Chukua *Open the Door to Your Heart* wa Darrell Banks. Uliimbwa Detroit, ukatolewa 1966 na lebo ya Revilot, ukauzwa vizuri sana Marekani. Kwa hiyo nakala ya Revilot haina uhaba. Uingereza ulitolewa na lebo ya Stateside, nayo hupatikana. Lakini kabla ya hapo lebo iitwayo London ilikuwa imeuandaa, haki zikaenda kwingine, ikabidi iuondoe sokoni. Nakala moja ya lebo hiyo ya London iliuzwa pauni 14,543 mwaka 2014. Sauti ni ileile, mwimbaji yuleyule. Kama unataka kuucheza nyumbani, Revilot inakutosha, na upande wa pili unapata *Our Love (Is in the Pocket)*, ambao nao unajaza sakafu.

Kwa hiyo andika kwa kila wimbo:

1. Lebo ya kwanza ya Marekani, namba yake na mwaka.
2. Nakala ya redio, kama ipo. Mara nyingi lebo yake ni nyeupe na imeandikwa kuwa si ya kuuzwa. Za Uingereza za miaka ya 1960 huwa na herufi kubwa A kwenye lebo.
3. Toleo la Uingereza la wakati uleule.
4. Matoleo ya baadaye yaliyo halali. Frank Wilson, kwa mfano, alitolewa Uingereza na Tamla Motown mwaka 1979.
5. Feki zinazojulikana.

Taarifa hizi zimo kwenye tovuti za Discogs na 45cat, pamoja na picha za lebo. Angalia pande zote mbili, maana nyimbo nyingi za thamani zilikuwa upande wa pili. *Tainted Love* ya Gloria Jones, ya 1965 kwenye lebo ya Champion, ilikuwa upande wa B, na dunia ikaujua wimbo huo 1981 tu, Soft Cell walipourudia.

Tahadhari: usidharau toleo la baadaye lililo halali. Linalipia haki, sauti yake mara nyingi ni safi, na bei haikuumizi. Tatizo linakuja pale tu mtu anapokuuzia toleo hilo kwa bei ya orijino, au unapokwenda nalo kupiga kwenye ukumbi wa OVO.

Hatua ya 7: Soma ukingo, usiamini lebo

Lebo inachapwa upya kirahisi. Miaka ya 1970, watu walipokuwa wanauhitaji wimbo na nakala hakuna, feki zilitengenezwa kwa wingi, nyingine zikiwa na lebo inayofanana kabisa na ya asili. Kinachosema ukweli ni ule ukingo laini usio na muziki, kati ya mwisho wa wimbo na lebo.

Iinamishe santuri chini ya tochi, mwanga uje kwa ubavu. Utaona namba na alama. Zitazame hivi:

Namba inayotambulisha rekodi yenyewe inapaswa kukubaliana na ile ya lebo, au na ile iliyoandikwa kwenye orodha yako ya Hatua ya 6. Tofauti ya tarakimu moja ni sababu ya kusimama na kuuliza.

Kisha tafuta alama ya kiwanda. Santuri zilizokandamizwa Monarch, Los Angeles, huwa na herufi MR ndani ya duara dogo na pembetatu iliyofuatwa na namba. Kiwanda cha American Record Pressing cha Owosso, Michigan, kilichotengeneza santuri nyingi za Detroit, huacha herufi ARP zilizoungana. Studio ya Bell Sound ya New York hugonga jina lake kwa muhuri. Kama lebo ni ya Los Angeles na santuri halisi zote zina pembetatu, yako haina, una swali zito mkononi.

Tazama pia namna zilivyoandikwa. Zimegongwa kwa mashine, zimekaa sawasawa, au zimekwaruzwa kwa mkono? Feki nyingi ni za kukwaruzwa. Lakini si sheria: lebo ndogo nyingi orijino nazo ziliandikwa kwa mkono, na lebo moja ilitumia viwanda viwili au vitatu kwa wakati mmoja ili kufikia pwani zote za Marekani. Ndiyo maana unalinganisha na picha ya nakala iliyothibitishwa, hulinganishi na nadharia. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya ukingo, nunua kwa mwingine.

Tundu dogo lililotobolewa kwenye lebo lisikutishe. Ni alama ya santuri iliyoondolewa kwenye orodha ya kampuni ikauzwa kwa bei ya kutupa. Santuri ni halisi, na tundu haliusumbui muziki.

Hatua ya 8: Jua imetengenezwa na nini, na iko katika hali gani

Santuri za Marekani za wakati ule ziko za aina mbili, vinili na stairini. Igonge kidogo kwa ukucha ukiwa umeishika kingoni: vinili hutoa mlio mzito, stairini hulia kwa ukali kama plastiki ngumu. Stairini haipindi, inapasuka. Pia inalika haraka na sindano mbovu, kwa hiyo santuri inaweza kung'aa machoni na kukoroma masikioni. Santuri nyingi za Okeh, lebo iliyotupa Major Lance wa Chicago, ni za stairini.

Nakala za redio zina ugonjwa wao. Mtangazaji alikuwa akiweka sindano mwanzoni na kuirudisha nyuma mara nyingi ili aanze palepale. Matokeo yake ni mvumo wa "shhh" kwa sekunde chache za kwanza, kisha sauti inasafika. Uliza kuhusu sekunde hizo, kwa sababu picha haiwezi kuzionyesha.

Madaraja ya hali yanayotumika na wauzaji, kutoka juu kwenda chini, ni M (kama mpya), EX (bora), VG (nzuri sana), G (nzuri), na alama za kuongeza au kupunguza. Kwa anayeanza, VG+ ndiyo daraja la busara. G, licha ya kusomeka kama "nzuri", ni santuri iliyochoka kabisa. Uliza mambo matatu: imesikilizwa au imetazamwa tu? Kuna mahali inaruka? Imepinda? Maandishi kwenye lebo, jina la mwenye zamani au kibandiko, hupunguza bei bila kuharibu sauti. Huo ndio uchochoro wa mwenye pesa kidogo.

Hatua ya 9: Tafuta bei ya kweli

Bei iliyoandikwa na muuzaji ni matumaini. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Angalia mauzo yaliyokamilika kwenye eBay na historia ya Discogs, na minada iliyopita kwenye tovuti ya Popsike. John Manship wa Melton Mowbray, mfanyabiashara mkongwe wa santuri hizi, ametoa vitabu vya bei ambavyo wakusanyaji wengi huvitumia kama kianzio cha mabishano.

Bei kubwa inatokana na vitu viwili vinavyokutana: nakala chache, na sakafu inayoutaka wimbo. Kimoja peke yake hakitoshi. Kuna santuri adimu kabisa ambazo hakuna anayezitaka. Lebo ya Shrine ya Washington, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1960 na Eddie Singleton na Raynoma Gordy, ina vyote viwili karibu kila toleo, na ndiyo maana si mahali pa kuanzia.

Nunua zile zilizouzika Marekani: za lebo za Motown na Okeh, na zile za Ric-Tic zinazopatikana. Sakafu inazipenda, na zilikandamizwa nyingi.

Kwenye mnada andika kiwango chako cha mwisho kabla, kiingize mara moja, funga kompyuta, ulale.

Hatua ya 10: Lipa na upokee

Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai pesa. Mwambie muuzaji aitoe santuri kwenye bahasha yake ya ndani ili isipasue mshono njiani, na aiweke kati ya vipande viwili vya boksi gumu. Ukiwa Uingereza ukaagiza Marekani, kumbuka kodi ya asilimia 20, na mzigo unaozidi pauni 135 hupitia forodha na kuongezewa gharama ya kushughulikiwa. Ukiwa Nairobi, Dar au Muscat, uliza ushuru wa kwenu kabla ya kulipa, si baada ya kupigiwa simu na posta.

Fungua kifurushi huku unarekodi video. Kagua ukingo siku hiyohiyo.

Hatua ya 11: Safisha, piga, hifadhi

Vinili: maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifereji, lebo isilowe. Stairini vilevile, lakini kamwe usitumie spiriti. Inaila.

Nyingi za miaka ya 1960 ni rekodi za mono, na sindano ya ncha ya duara huzisoma vizuri hasa zikiwa zimechakaa. Uzito uweke kama mtengenezaji wa sindano alivyoagiza. Kuupunguza chini ya hapo hakuilindi santuri, kunaifanya sindano irukeruke na kuchimba.

Hifadhi wima, mbali na dirisha. Kwa walio pwani ya Afrika Mashariki na Ghuba, adui ni joto na unyevu. Gari lililoegeshwa juani hupinda santuri mchana mmoja tu. Bahasha za zamani zenye harufu ya ukungu zitoe, weka mpya, ya zamani ihifadhi pembeni kama ni ya lebo yenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Inaruka mahali palepale.* Safisha kwanza, uchafu mkavu ndio chanzo cha kawaida. Ikiendelea, tazama kwa kioo kama kuna mkwaruzo unaokata mifereji. Kuweka sarafu juu ya mkono wa plea ni kumaliza kilichobaki.

*Sauti inayumba, inapanda na kushuka.* Tundu halipo katikati, au adapta imelegea. Jaribu adapta nyingine. Santuri yenyewe ikiwa imetobolewa vibaya, isogeze kidogo kidogo juu ya adapta iliyolegea mpaka mkono wa plea uache kucheza kushoto na kulia.

*Inasikika kama katuni.* Umeipiga kwa mwendo usio wake. Au ni feki iliyonakiliwa kutoka kwa santuri nyingine kwa mashine iliyokosea mwendo, jambo ambalo si geni. Linganisha urefu wa wimbo na ulioandikwa kwenye lebo.

*Muuzaji alisema orijino, ukingo unasema hapana.* Mwandikie kwa upole, ambatisha picha yako na ya nakala halisi. Wengi wao hawakujua, na watarudisha pesa. Akigoma, tumia ulinzi wa njia uliyolipia kabla muda haujapita.

*DJ hataki kusema jina la wimbo.* Rudi mwezi ujao. Siri hizi hazidumu. DJ mwingine akiupata, wa kwanza ataifunua lebo mwenyewe ili watu wajue ni nani aliyeanza kuupiga.

*Umekesha, imefika saa kumi na moja alfajiri, miguu imegoma.* Kaa chini, kunywa chai, subiri nyimbo za mwisho. Wigan walifunga kila kesha kwa nyimbo tatu zilezile kabla ya saa mbili asubuhi, za Jimmy Radcliffe, Tobi Legend na Dean Parrish, na kumbi nyingi bado huzipiga mwishoni. Nyimbo hizo tatu zinapatikana kwenye mikusanyo halali, kwa hiyo usizitafute orijino mwezi wa kwanza.